Kitenzi Kimoja Kutoka Bor

Kasenga, 14 Januari 2024

Mjomba wangu Adalbert,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Mama Jeanne. Mama ni mzima, magoti na macho tu ndiyo yanamsumbua. Ulimi wake haujaugua hata siku moja, unamjua dada yako. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu ya masikio yako, na kwa sababu ya ile simu yako ya vibonye isiyopokea hata picha. Barua utaletewa na Michée, dereva wa gari la samaki. Anapita huko kwenu Bel-Air, Lubumbashi, kila wiki mbili, na jibu unaweza kumpa palepale anaporudi.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata kazi Kroatia, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miaka tisa nimekuwa muuguzi hapa, na nimechoka kuosha glavu na kuzianika kwenye kamba pamoja na soksi zangu. Nataka kufanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Wenyewe wanadai mambo mawili kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwanza, nizungumze na muuguzi wao mkuu kwa video, kwa lugha yao, robo saa nzima. Pili, nilete karatasi ya mtu aliyenifundisha, yenye saini yake, pamoja na kopi ya diploma yake ya huko. Nikikosa moja kati ya hayo, nafasi anapewa mwingine.

Nitamwendea nani kama si wewe? Miaka sita Yugoslavia, mji wa Bor, mhandisi wa shaba. Hapa kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuleta alama mbaya kutoka shuleni asiambiwe amtazame Ingénieur. Mimi mwenyewe niliambiwa mara nyingi mno, nikakuchukia kidogo. Leo ninakuja kupiga magoti.

Naomba lugha, na naomba kopi.

Mpwa wako,
Myriam


Bel-Air, 28 Januari 2024

Binti yangu Myriam,

Barua yako ilifika inanuka samaki, nikaisoma uani. Nimefurahi. Ni muda mrefu hakuna aliyeniuliza kitu chochote kuhusu lugha ile, nami nilidhani nitakufa nayo.

Kwanza ujue kwamba zamani zetu tuliiita lugha moja, Kiserbokroatia. Siku hizi kila nchi imeipa jina lake. Ukifika huko usibishane nao, sema tu ni Kikroatia na uombe chai. Pili, huko bibi kizee anaitwa *baba*. Cheka sasa hivi, umalize, usije ukacheka mbele ya wagonjwa.

Sitakupa orodha ya maneno elfu moja. Waliokuja na orodha niliwaona wakishindwa kununua mkate. Nitakupa kitenzi kimoja, ukimshika huyo mkia, wengine watakuja nyuma yake. Ni *čuvati*. Hiyo *č* isome kama "ch" yetu. Maana yake ni kutunza, kulinda, kuchunga, kuhifadhi. Mbwa anafanya hivyo kwa nyumba, mchungaji kwa kondoo, mama kwa mtoto, na mtu mwenye akili kwa kipande cha mkate cha kesho.

Mimi ninatunza ni *čuvam*, wewe *čuvaš*, yeye *čuva*. Sisi *čuvamo*, ninyi *čuvate*, wao *čuvaju*. Unaona? Sisi Waswahili tunamweka mtu mbele ya kitenzi, wao wanamweka nyuma. Kazi ni ileile. Yaseme unapofua, yaseme unapopika, mpaka mama yako akuulize kama umerukwa na akili.

Kuhusu asili yake: kitenzi hiki kimetoka kwa kingine kifupi, *čuti*, yaani kusikia. Kwa Waslavi wa kale, kumtunza mtu kulianza na kutega sikio. Unakaa chumba cha pili, unasikia akigeuka kitandani, unasikia pumzi yake imebadilika, unainuka. Ndivyo nilivyofundishwa, na sidhani kama kuna kitabu kitakachokueleza vizuri kuliko hivyo. Mimi leo sisikii hata mlango ukigongwa, lakini hilo nalikumbuka.

Niandikie sentensi tano. Wino mweusi, usifute.

Mjomba wako,
Adalbert Mwenze


Kasenga, 11 Februari 2024

Mjomba mpendwa,

Sentensi zangu hizi hapa, maneno mengine nimeyatoa kwenye simu, na sikufuta. *Čuvam staru ženu*, ninamtunza mwanamke mzee. *Pas čuva kuću*, mbwa analinda nyumba. *Mi čuvamo djecu*, tunatunza watoto. *Ko te čuva?* Nani anakutunza? Ya tano ilinishinda, kwa hiyo nimeandika kwamba Michée anachunga samaki. Nikimtazama anavyoendesha gari, hata hiyo si kweli.

Nimeanza kufurahia jambo hili. Kwenye kituo chetu cha afya yupo mzee mmoja aliyevunjika nyonga, Tata Mapalo. Kila ninapomgeuza ninamwambia *čuvam*, naye ananijibu "amina". Anadhani ni sala.

Mjomba, kopi ya diploma hukuitaja. Najua kichwa chako kilikuwa kwenye somo. Lakini wakala aliyeko Lubumbashi ameniandikia tena, anasema dosie yangu inakosa karatasi hiyo tu. Ukimpa Michée kopi ndani ya bahasha, mimi nitamaliza mengine.

Nilimwambia Mama kwamba nimekuomba. Alikuwa anasafisha samaki. Aliniambia nisikusumbue na makaratasi, halafu akaanza kuzungumza habari za mvua. Huyo ni Mama, ambaye akisikia jambo hulishika mpaka jioni. Nilishangaa.

Mpwa wako,
Myriam


Bel-Air, 3 Machi 2024

Binti yangu,

Sentensi nne ni nzuri, na ya Michée ni nzuri kuliko zote. Nilimsomea akiwa kwenye usukani, akakasirika, akanipunguzia samaki.

Leo tunaingia wakati uliopita. Hapo lugha yenyewe inataka kujua kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Mwanamume anasema *čuvao sam*, nilitunza. Mwanamke anasema *čuvala sam*. Usijichanganye, maana watakucheka wiki nzima, mimi najua. Mfano: *Čuvao sam je tri godine*. Nilimtunza miaka mitatu. Na kazi ikifika mwisho, kitu kikabaki salama, basi wanaongeza kichwa kidogo mbele: *sačuvati*. Ya kwanza ni kazi inayoendelea, ya pili ni kazi iliyofaulu. Mwalimu anaweza kukueleza tofauti hiyo kwa mwaka mzima. Mtu aliyewahi kuuguza anaielewa siku moja.

Sasa ongeza haya. *Gdje te boli?* Unaumwa wapi? *Daj mi ruku*, nipe mkono. *Okreni se polako*, geuka polepole. Hilo la mwisho usilikimbize. Mzee wa huko hapendi kugeuzwa kama gunia, anataka kwanza aambiwe, halafu apewe muda wa kulalamika kidogo, halafu ndipo ageuke. Maji ya kumwogeshea yawe ya moto kuliko unavyodhani, wana baridi kwenye mifupa. Miguu iwe mwisho. Ukianza na miguu anaona umemdharau.

Kuhusu kopi: sanduku la vyeti liko juu ya kabati, na ufunguo wake umepotea tangu tulipopaka rangi nyumba. Nitaita fundi. Mgongo nao haunipi nafasi ya kupanda. Wewe soma.

Mjomba wako,
Adalbert


Kasenga, 17 Machi 2024

Mjomba,

Nitaandika kama ninavyosikia moyoni, halafu utanisamehe au utaniadhibu.

Ufunguo uliopotea nimeusikia. Mgongo nimeusikia. Nyumba yenu ilipakwa rangi mwaka juzi, mimi mwenyewe nilishika brashi, na juu ya kabati palikuwa na sufuria za Mama Jeanne tu. Hakukuwa na sanduku.

Mwanzoni nilifikiri unazeeka. Sasa nafikiri kitu kingine. Nafikiri unaona aibu. Wewe ni Ingénieur, ulienda kule kujifunza kuyeyusha shaba, na leo mpwa wako anakwenda nchi zilezile kuosha miguu ya wazee wa kizungu. Hutaki jina lako likae kwenye karatasi moja na kazi hiyo. Kama ndivyo, niambie waziwazi. Itaniuma, lakini nitajua pa kwenda.

Ila kuna jambo linanichanganya. Nilikuuliza kupitia Michée neno la shaba, na tanuru, na mwamba. Hukujibu. Maneno yako yote ni ya kitandani: maumivu, mkono, geuka, polepole. Mtu aliyesoma uhandisi miaka sita angekuwa ameniandikia angalau tanuru moja. Na huyo uliyemtunza miaka mitatu, nilidhani ni mfano wa kitabu. Nilipousoma mara ya pili, sikuona kitabu.

Nimetafuta pia kitenzi chako kwenye mtandao, simu inaposhika. Kila ulichoniandikia kipo. Lakini kuna maana moja hukuniandikia, nayo imewekwa karibu ya mwanzo: *čuvati tajnu*. Kutunza siri.

Zimebaki wiki sita. Nampenda mwalimu wangu, na simwelewi.

Myriam


Bel-Air, 7 Aprili 2024

Myriam, binti yangu,

Sanduku halipo. Diploma haipo. Haijawahi kuwepo.

Nimekaa na kalamu siku nne ili kuandika mstari huo, na sasa umeandikwa. Mengine ni rahisi kidogo.

Nilifika Bor mwaka 1979, nikiwa na miaka ishirini na moja. Mwaka wa lugha nilipita. Mwaka wa kwanza wa masomo nilijikokota mpaka mwisho, nikaanguka. Nikaurudia, nikaanguka tena. Si ubaguzi, si ugonjwa, si siasa. Hesabu zilinishinda, nikawa ninaficha karatasi zangu chini ya godoro kama mtoto. Mwaka 1982 wakanifuta kwenye orodha ya wenye ruzuku, na bweni likawa si langu tena.

Alinichukua mwanamke mmoja mzee aliyeitwa Stana, mjane wa mchimba migodi. Baba Stana, ndivyo nilivyomwita. Alikuwa amepooza upande wa kushoto. Nilipewa chumba na chakula, nami nikamtunza miaka mitatu, mpaka alipokufa. Ninachokijua cha lugha ile nilikipata kwake, kutoka kwenye mdomo uliopinda, na aliponikosoa alikuwa ananipiga kwa kijiko. Kuhusu shaba ninajua tu kwamba moshi wake uliingia dirishani na tulikuwa tunaweka kitambaa chenye maji.

Nyumbani niliandika kwamba nimepita. Kila mwaka nilipita.

Nilirudi mwaka 1985 nikiwa nimeamua kusema. Nakuapia, kwenye ndege nilikuwa ninajifunza maneno yake: Baba, Mama, nimeanguka, mnisamehe. Niliteremka ngazi nikiwa nayo mdomoni. Wote walikuwa pale, na Mama alikuwa na bakuli la pemba. Umewaona wazee wetu wakimpokea mtu kwa udongo ule mweupe, unajua maana yake: umebarikiwa, umerudi safi. Kabla sijasema hata neno moja, Mama alinipaka paji la uso, mashavu, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na Baba akapaza sauti mbele ya uwanja mzima, "Ingénieur!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu aliyepakwa pemba na mama yake atafunguaje kinywa aseme amekuja na aibu? Ningewamwagia wote uchafu. Nikasema nitawaambia kesho.

Kesho hiyo ina miaka thelathini na tisa. Nilipata kazi ya kutunza stoo kwenye reli. Kazini nilikuwa mtu wa stoo, nyumbani nilikuwa Ingénieur, na kila jioni nilipofika mlangoni nilivaa jina hilo kama koti la mtu mwingine.

Kwa hiyo hapana, sikuionea aibu kazi yako. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri maishani mwangu. Niliona aibu kwamba ulikuja kwangu kwa ajili ya karatasi, na mimi nilichokuwa nacho ni beseni.

Ndani ya bahasha utakuta ushuhuda wangu, nimeuandika kwa Kifaransa na kwa lugha yao. Nimesema kweli tupu: kwamba sina diploma, kwamba nilimtunza mgonjwa huko Bor miaka mitatu, na kwamba nimekufundisha lugha ya kando ya kitanda. Labda wataitupa. Kama itakupotezea nafasi, kosa ni langu na nitalibeba mpaka mwisho. Lakini sitakununulia karatasi ya uongo, ingawa hapa mjini nimeonyeshwa wanaozichapa. Uongo wangu mimi unatosha.

Jana nilimwambia Jeanne. Alikuwa anapika sombe ya majani ya muhogo. Aliendelea kukoroga, akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Sijui alikuwa na maana gani, na nimeogopa kuuliza.

Barua hii msomee mama yako. Mimi kumtazama usoni siwezi.

Adalbert


Kasenga, 21 Aprili 2024

Adalbert, mdogo wangu,

Ni mimi Estelle ninayesema, Myriam anaandika, kwa sababu macho yangu yamebaki ya kutafutia mlango tu. Nimemwambia asipambe kitu.

Nianze na la mtoto, ndipo usome mengine umetulia. Karatasi yako ilipelekwa. Alhamisi yule muuguzi wa huko aliishika mbele ya kamera, akaisoma, akairudia. Wakala alikuwa ameshaanza kuomba radhi. Mwanamke yule akamnyamazisha kwa kidole, akaanza kumuuliza Myriam maswali, na yote yalikuwa ya kitandani: utamwambiaje kabla ya kumgeuza, utaanza kumwosha wapi, asipotaka utafanya nini. Myriam alijibu. Alipofika kwenye miguu, yule mwanamke alicheka. Wamemchukua. Wa diploma wanaye tayari, walisema, amekaa ofisini. Myriam ataondoka mwezi wa saba.

Sasa wewe.

Mwaka 1982, mwezi wa kumi na moja, ilifika barua parokiani, ya wale wa ruzuku. Ilikuwa ya Kifaransa. Baba alikuwa fundi wa vichwa vya treni, Kifaransa cha kusoma hakuwa nacho, na mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo niliitwa. Nilisoma kwamba umefutwa. Baba akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaikunja, akaiweka mfukoni mwa salopeti, ile nguo yake ya kazi, akaenda kazini. Aliporudi alituita mimi na Mama, akasema, "Ile barua haikufika. Kama mutoto ataandika ukweli, tutamujibu. Kama haandike, tutamungojea."

Tulikungojea miaka mitatu. Barua zako zilikuja, umepita, umepita. Nilizisoma kwa sauti mbele ya majirani, tukapiga makofi. Mama alikuwa anaondoka kabla ya mwisho, anasema anaangalia jiko.

Siku ya ndege, Baba ndiye aliyemwambia Mama achanganye pemba. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Mumupake mbele afungue kinywa. Sipende mutoto wangu anidanganye mbele ya bantu." Tukupake kabla hujasema lolote: hilo ndilo lililokuwa kwenye bakuli, Adalbert. Hatukuwa tumekuja kumpokea mhandisi. Kilio chetu tulishakimaliza zamani, tukabaki na furaha kwamba unarudi mzima.

Jeanne naye anajua. Mama alimwambia kabla ya ndoa, kwa sababu kwetu mwanamke hapelekwi nyumbani kwa mtu asiyemjua. Alikubali. Juzi alikuuliza kuhusu chakula kwa sababu sombe ilikuwa karibu kuiva.

Nimewaza sana wiki hii, na nitakuambia ninachoona. Tulikosea. Tulitaka kukufunika aibu, tukakufunika mdomo. Tulidhani tumekuondolea mzigo, kumbe umetembea nao mpaka masikio yamekufa. Ninalia ninaposema haya, na Myriam ameambiwa aandike kwamba ninalia. Nisamehe mimi niliyebaki, maana wao wawili wameshakwenda.

Baba alijua kabla yetu kwamba tumekosea. Unazikumbuka Jumapili, baada ya misa? Kila Jumapili alikuwa anatufukuza. Mama aende kwa jirani, mimi niende sokoni, watoto watoke uani, kiti chako kiwekwe karibu na chake, mlango ufungwe. Wewe ulidhani anajivunia kukaa na Ingénieur. Alikuwa anakupa nafasi ya kusema. Miaka kumi na minne, kila wiki, mpaka wiki aliyokufa. Nikirudi nilikuwa ninamuuliza kwa macho, naye anatikisa kichwa, bado. Ulikuwa umemsomea gazeti.

Mimi niko mbali, ila kaburi lake liko huko kwenu Lubumbashi. Nenda Jumapili, peke yako, ukae naye. Gazeti uliache nyumbani.

Dada yako,
Estelle